Wasee, kwa intavyu ongea

Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi Nairobi 2019, Google ikatangaza chake 2022, na tangu hapo DM zangu ni swali moja: intavyu zinakaaje?

Niko kwa kampuni moja kubwa, jina wacha likae. Unapewa swali, tuseme utafute maneno yanayojirudia kwenye orodha ndefu, na dakika 45. Anayekuhoji hangoji jibu tu. Anataka akusikie ukifikiria: mbona njia hii, na orodha ikifika milioni je? Sasa sisi tumetoka shule za kunyamaza mpaka uwe na jibu sahihi, juu ukikosea darasa lote linacheka. Nimeona watu wakali kuniliko wakikataliwa sababu ya kimya. Hiyo huniuma.

Na ukishaingia, zile hesabu huzioni sana. Naweza kumaliza wiki nikisoma programu ya mtu aliyeacha kazi kitambo, nibadilishe mistari 3, halafu ningoje wenzangu waikague. Kimya kabisa!

Kama yako iko karibu, tafuta mtu umweleze maswali kwa sauti, hata kama hajui kompyuta. Mimi nilimtumia dadangu wa kidato cha pili. Alinilipisha chipo.