Ishirini na Saba Ndani ya Kosta



Tangu Papa Leo XIV achaguliwe Mei 2025, ile video yake ya besiboli haiishi kutazamwa hapa seminarini. Ni ya Oktoba 2005 kule Chicago: White Sox wanacheza mechi ya kwanza ya fainali, na kamera inampitia jukwaani mkuu wa Shirika la Waaugustino wa wakati ule, uso umejaa wasiwasi kama wa mtu anayesubiri penalti ipigwe. Mafrateri wenzangu hucheka sana. Mchezo wenyewe hatuuelewi, ila uso ule tunaujua. Mimi kila nikiuona nakumbuka safari yetu ya kutoka Kilambo kwenda Mtwara mjini, Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2018, Ndanda FC walipowakaribisha Simba. Wapo wasomaji wa kule waliokuwemo garini, nikikosea watanisahihisha.

Nilikuwa likizo. Kilambo, kwa asiyepajua, iko mpakani kabisa: ukipanda pantoni kuvuka Mto Ruvuma, unashukia Msumbiji. Wakatoliki tuko wachache, kwa hiyo safari ya vijana wa kigango haiwezi kuwa ya kigango peke yake. Tulichanga, tukakodi Kosta, tukafika watu ishirini na nane, na karibu nusu yao walikuwa majirani zetu Waislamu. Mwenyekiti wa kigango alinipa daftari lenye majina yote. "Frateri, hawa ni wako," akasema, akarudi shambani kwake.

Mama mmoja anayeuza samaki kivukoni alikuwa amekataa mara mbili kumruhusu mwanawe wa miaka kumi. Mara ya tatu alimleta mwenyewe hadi mlangoni mwa gari, ameshamwogesha na kumpaka mafuta. "Namtoa kwa sababu wewe upo," aliniambia. Nikamjibu asiwe na shaka. Nilijibu haraka mno, sasa naona.

Njia nzima ilikuwa vumbi, mikorosho na ubishi. Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, na kwetu kusini lilikuwa jambo kubwa kuziona timu za Dar es Salaam zikilazimika kutufuata. Lakini Simba ya mwaka ule ilikuwa ya Okwi, Kagere na Chama, na mapenzi ya mtu hayana mkoa. Kijana mmoja alivaa jezi ya Ndanda juu na ya Simba ndani, akisema ataamua mapumziko yakifika.

Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulijaa hadi watu wakapanda miti ya nje. Watoto niliwaketisha mbele yangu, nikawahesabu kabla ya mpira kuanza, nikawahesabu tena mapumziko. Baada ya hapo sikuhesabu kitu isipokuwa dakika. Simba wanakuja, Ndanda wanaondoa. Simba wanakuja tena. Nilisimama juu ya kiti. Nilimpigia mwamuzi kelele ambazo sizirudii hapa. Filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa sifuri kwa sifuri, nasi tulikumbatiana kama tuliotwaa kombe.

Kwenye gari tulikuwa ishirini na saba.

Nilihesabu mara tatu. Giza lilikuwa linaingia, dereva anataka kuondoka, na maelfu ya watu wanamiminika barabarani. Tukagawanyika: wengine stendi, wengine sokoni, mimi nikarudi uwanjani nikiita jina lake hadi sauti ikakauka. Sikusali, ingawa watu hudhani frateri katika hali ile husali. Nilikuwa nawaza nitasimamaje mbele ya mama yule. Vijana baadaye walinitania kwa jina la uwanja, kwamba frateri naye "sijaona", na sikuwa na la kuwajibu.

Aliyempata ni binti mmoja wa Kiislamu ambaye, badala ya kukimbia ovyo, aliuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: huyu mtoto mjini anapajua wapi? Kumbe alikuwa anapajua mahali pamoja tu. Alikuwa amelikimbilia basi la Simba akitaka kuligusa, akapotea, basi akauliza njia ya hospitali ya Ligula, alikolazwa baba yake hadi alipofariki. Tulimkuta ameketi karibu na lango, mlinzi amempa chai. Hakuwa analia. "Nimeligusa," aliniambia.

Tulifika Kilambo saa nne usiku. Njiani watu walikubaliana, bila hata kunishauri, kwamba mama asiambiwe. Alikuwa amesimama barabarani na tochi.

"Hajakusumbua, Frateri?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilisaidia ibada ya Jumapili, katekista akiongoza, nami nikasoma somo kwa sauti iliyokwaruza kwa kelele za jana. Mama alikaa benchi la tatu, akanitazama muda wote. Baada ya ibada nilimfuata kivukoni, nikamkuta anapanga samaki juu ya meza. Nikamweleza yote: kiti nilichosimama juu yake, hesabu niliyoiacha, mlinzi, chai, na lile jibu langu la usiku.

Hakuacha kupanga samaki.

"Aliniambia jana kabla hajalala," alisema. "Nilikuwa nasubiri nione kama utakuja."

Nikamuomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekula. Nikasema bado. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, nikatoa hela, akaikataa, nikaiweka mezani, akaipokea. Mtoto alikuwa kule chini karibu na maji, anawahadithia wenzake habari za basi. Kila akirudia, basi linazidi kuwa refu.

Ndanda walishuka daraja mwaka 2020. Mama yule bado anauza samaki palepale, na kila nikirudi likizo huniuliza kwanza, kabla ya salamu, tumekuja wangapi.