Maji ya Kusuuzia

Katika Dodoma ya miaka ya 1980, maji hayakuwa kitu kimoja. Nyumbani kwetu yalikuwepo maji ya bomba, yaliyoletwa kutoka visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Hayo yalikuwa ya kunywa, kupikia na kufulia. Yalikuwepo maji ya kisima cha jirani, yenye chumvi unayoisikia ulimini, ya kudekia na kumwagia miche ya mipapai. Halafu kulikuwa na pipa la maji ya mvua, lililofunikwa kwa bati na kuwekewa jiwe juu, na hilo hakuna mtoto aliyelichota bila kutumwa. Maji yake yalikuwa ya kusuuzia.

Leo bomba liko ndani ya nyumba, visima virefu vimechimbwa mtaa kwa mtaa, na tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 mji umejaa watu waliozaliwa kwenye maji mengine. Maji yamekuwa maji tu. Sidai kwamba zamani kulikuwa na raha. Kubeba ndoo kichwani si jambo la kulitamani, na mama yangu angelipokea bomba la leo kwa mikono miwili. Ninachosikitikia ni kwamba pamoja na ndoo tulitupa ule ujuzi wa kuchagua maji, na wanaoumia zaidi ni wale wenye ngozi isiyovumilia.

Ugumu wa maji yetu hauonekani kwa macho. Unauona kwenye birika, lenye ukoko mweupe usiotoka kwa kusugua, na unauona kwenye beseni. Maji yanayokaa muda mrefu ardhini huyeyusha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe na udongo. Sabuni ya mche inapoingia humo haianzi na uchafu wa nguo. Inaanza kwa kushikana na hayo madini, na matokeo yake si povu bali utando wa kijivu unaoganda kwenye ukingo wa beseni na ndani ya nyuzi za nguo. Nguo nyeupe hupauka. Taulo hukakamaa. Hesabu yake ni ya kusikitisha kwa mwenye kipato kidogo: kwa maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ndoo moja ya lita 20 humeza gramu 36 hivi za sabuni kabla hujaona povu linalokaa. Sabuni hiyo imenunuliwa, imetumika, na haijaosha chochote.

Mama hakuwa na hesabu hiyo, lakini aliijua kwa mkono. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera na fedha za kigeni kuadimika, sabuni ilikuwa kitu cha foleni. Kuna waliofulia majani ya mpapai, wakiyapondaponda mpaka yatoe ute wa kijani. Kwetu vipande vya mwisho vya mche vilikusanywa kwenye kopo, vikakunwa, vikachemshwa kwa maji kidogo mpaka viwe uji. Katika hali hiyo kuacha sabuni iliwe na maji kulikuwa kama kumwaga unga barabarani.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya kufua alitia magadi kwenye pipa la maji ya bomba. Ni magadi yale yale ya kulainishia maharage, yaliyouzwa kwa kopo sokoni Majengo. Alikoroga kwa mti, akaacha mpaka asubuhi. Tulipoamka, chini ya pipa kulikuwa na tope jeupe laini, na maji ya juu yalikuwa maangavu. Alichota kwa kopo, taratibu, asiitibue ile chokaa. Kemia yake ni nyepesi: magadi yana soda, na soda huifanya kalsiamu igande na kuzama. Gramu 6 au 7 za soda safi hutosha kwa ile ndoo iliyokuwa ikimeza gramu 36 za sabuni. Magadi ya sokoni si safi, hivyo huhitaji zaidi, lakini bei yake na bei ya sabuni hata siku hizi hazilingani.

Alijua pia kwamba magadi ni makali. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na pumu ya ngozi. Ilimshika kwenye vikunjo vya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni pale ukosi wa shati la shule unapogusa. Usiku alijikuna mpaka shuka likawa na madoa ya damu. Nguo zake zilifuliwa kwanza, kabla maji hayajachafuka, zikasuuzwa mara moja kwa maji ya bomba, kisha kwa maji ya mvua. Mama alikamua pindo la fulana kwenye kiganja, akasugua vidole. Vikiteleza, fulana ilirudi kwenye beseni. Na yale maji ya mvua ya kusuuzia hayakumwagwa. Ndiyo yaliyoanzia kufua shuka, maana yalikuwa laini na yalishabeba povu. Pipa moja lilipita mikono mitatu kabla halijafika kwenye miche.

Mjukuu wangu ana ngozi ile ile ya mdogo wangu. Mama yake ni mwangalifu, na anafua kwa bidii kuliko nilivyofua mimi. Ila sabuni ya dukani imebadilika, na imebadilika kwa namna inayoficha tatizo. Sabuni ya unga haigandi na kalsiamu kama mche, hivyo povu linatoka hata kwenye maji magumu kabisa. Mtu anaona povu, anaridhika. Lakini maji magumu bado hupunguza nguvu yake, kwa hiyo unga huongezwa, na unga ukiongezwa unahitaji maji mengi zaidi ya kuutoa. Maji yenyewe siku za mgao ni ya kununua kwa dumu. Hapo ndipo watu wanapobana, kwenye kusuuza. Nguo inaanikwa ikinukia, na kinachonukia ni manukato na sabuni iliyobaki humo. Kwa ngozi ya kawaida si neno. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, jasho la saa nane mchana linaiyeyusha upya, ikalala juu ya ngozi iliyokwisha kupasuka.

Mwaka 2017 watafiti wa Sheffield na King's College London walionyesha kwamba ngozi ikioshwa kwa maji magumu hubakiwa na kisafishaji kingi zaidi kuliko ikioshwa kwa maji yaliyolainishwa, na mabaki hayo huiwasha. Haina maana kwamba maji laini ni dawa. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoka mwaka 2011, likiwa na watoto 336, liliwafungia nyumbani mitambo ya kulainisha maji na halikupata nafuu ya ziada juu ya matibabu ya kawaida. Kwa hiyo mafuta ya kupaka na dawa za hospitali mtoto anaendelea nazo. Lakini nguo anavaa mchana na usiku, na kumwondolea sabuni iliyobaki humo ni jambo lililo ndani ya uwezo wetu.

Nilichomwambia binti yangu ni kidogo tu. Anunue unga usio na manukato kama upo, na kama haupo atumie mche mweupe wa kawaida kwenye maji yaliyotulizwa kwa magadi. Apime unga kwa kijiko, asikadirie kwa povu. Aache kilainishi cha kunukisha nguo. Kwenye maji ya mwisho atie siki nyeupe, robo kikombe kwa ndoo, maana siki huvunja ukali wa magadi na kuyeyusha utando. Ila siki na jiki visikutane kamwe kwenye beseni moja, hutoa gesi inayochoma mapafu. Siki nayo isitiwe pamoja na magadi, kila kimoja humaliza nguvu ya mwenzake.

La mvua ndilo tulilobishania. Nyumba mpya za Dodoma zina bati za rangi nzuri na hazina gata hata upande mmoja. Maji yanadondoka yanachimba msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lake lina mita za mraba 60 hivi, hivyo mvua moja ya milimita 20 ingempa zaidi ya lita 1,000, bure, laini, katika mji ambao hata hivyo una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Hazitoshi kufulia kila kitu mwaka mzima. Za kusuuzia nguo za mtoto mmoja zinatosha.

Amekubali. Fundi atafunga gata upande wa jikoni, na pipa limenunuliwa, lenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya mbu. Mvua ya kwanza tutaiacha ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Ya pili tutaikinga.