SAMAKI HUYU NI WA UKOO GANI?

Twende Mapera. Mapera iko katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Wamatengo. Ukifika utaona mibuni, na mashimo ya ngoro yaliyojaa mteremko mzima. Ngoro huzuia maji ya mvua yasikimbie na udongo. Lakini leo hatutazami mashamba. Tunashuka bondeni.

Katika mabonde ya Umatengo watu wamechimba mabwawa, wakafuga perege. Ni kazi nzuri, maana ziwa liko mbali kwa mtu aendaye kwa miguu. Sasa tazama mfereji unaotoa maji bwawani. Maji yale yanakwenda wapi? Yanaingia kijitoni. Vijito vingi vya upande wa magharibi wa milima hii huishia Ziwa Nyasa, vingine kwa kupitia Mto Ruhuhu. Kwa hiyo bwawa la mlimani na ziwa ni majirani, ingawa hawaonani.

Jina la perege linaficha jambo. Perege si samaki mmoja, ni ukoo mkubwa. Ziwa Nyasa lina perege wake wa asili. Baadhi yao, wale ambao wenzetu wa Malawi huwaita chambo, asili yao ni ziwa hili na maji yanayoungana nalo tu. Sato ni ndugu yao, lakini hapa ni mgeni. Watu humpenda kwa sababu hukua haraka. Kwa miaka mingi vifaranga vyake vimesambazwa katika mabwawa ya nchi yetu. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza walitangaza kwamba sato amekwisha kuonekana, upande wa Tanzania, katika maji yanayokwenda Ziwa Nyasa.

Ubaya uko wapi? Sato na ndugu zake huweza kuzaana. Mtoto wao ni chotara. Naye si kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, ambaye kwa kawaida hazai. Samaki chotara huzaa. Vizazi vikipita, damu huchanganyika mpaka samaki wa asili hajulikani tena.

Waulize wazee wa Ziwa Victoria habari za ngege. Zamani ngege ndiye aliyejaza mitumbwi yao. Katika miaka ya 1950 sato alipandikizwa katika ziwa lile. Leo ngege karibu ametoweka katika ziwa kubwa, amebaki katika maziwa madogo ya jirani. Sato peke yake hakufanya hayo. Nyavu zilizidi, na sangara akaja. Lakini kuchanganyika na sato kulikuwamo.

Utamjuaje sato? Chukua samaki mzima, aliye hai au aliyevuliwa sasa hivi. Usitumie aliyekaushwa. Mfungue mkia kwa vidole kama unavyofungua kipepeo. Sato ana mistari myembamba iliyosimama, imepangika vizuri mkia mzima. Chambo hana mistari hiyo. Ukiona mistari iliyokatikakatika, au iliyofifia, huenda umeshika chotara.

Nimesema huenda. Chotara mwingine hufanana kabisa na mama yake, au na baba yake. Rangi ya mwili nayo hudanganya, kwa sababu samaki akiogopa hubadilika rangi, na dume wakati wa kuzaana hubadilika pia. Kwa macho tunashuku tu. Wenye kuthibitisha ni wataalamu wanaopima vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini.

Basi, wewe mwenye bwawa, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji. Jike la samaki hawa hubeba mayai na watoto mdomoni. Akitoroka jike mmoja, hatoroki peke yake. Inua kingo za bwawa kabla ya masika, mafuriko yasilifikie. Ukichoka kufuga, kula samaki wako au uza, usiwamwage kijitoni. Na kabla ya kununua vifaranga, muulize afisa uvuvi ni vya samaki gani.

Wewe mvuvi wa Lituhi au Mbamba Bay, ukipata perege mwenye mistari mkiani, usimtupe kikaangoni upesi. Mweke kando mzima, kumbuka ulipomvulia na siku, umpeleke kwa afisa uvuvi.