Gita la Vipande



Katika Katanga yetu gita si mgeni. Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Likasi, ambayo siku zile iliitwa Jadotville. Lakini gita jipya la umeme ni ghali, na vijana wa kwaya yetu hapa Kambove hawana fedha. Basi tuliliunga wenyewe kwa vipande.

Mwili tuliuchonga kwa ubao wa mulombwa. Shingo ilitoka katika gita lililovunjika, mali ya mpigaji mmoja wa baa. Sumaku tuliitoa katika spika ya redio iliyokufa, tukaigusisha na skrubu sita za chuma, moja chini ya kila uzi. Kisha tukazizungushia skrubu hizo waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu sita. Vijana walihesabu kwa punje za mahindi, punje moja kila mia.

Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika shaba, na kipaza sauti huukuza. Ndiyo sababu uzi wa nailoni hapa ni bubu. Baba zetu waliichimba shaba ya Kambove kwa jasho, ikaenda ng'ambo. Kidogo chake sasa kinamwimbia Mungu.

Kazi ngumu ilikuwa kupatanisha shingo na mwili usio wake. Toka mahali uzi unapoanzia mpaka chuma cha 12 cha shingo ni nusu ya urefu wake. Toka hapo mpaka darajani lazima iwe nusu ya pili. Daraja likikaa vibaya kwa upana wa kidole tu, sauti zote za juu ni uongo.

Wazee wengine walinung'unika: "Shingo hiyo imezoea nyimbo za pombe, isikaribie altare." Neno lao halikuwa la bure, kwani nyumba ya Mungu ina heshima yake. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, umekubali ala nyingine pamoja na kinanda, kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa, zikifaa kwa ibada na kuwasaidia waamini. Haukuuliza ala ilikolala jana. Padri wetu akaruhusu.

Mpigaji yule wa baa, aliyekuwa hajapokea sakramenti miaka mingi, alisikia habari hii akaniuliza: "Mwalimu, kama shingo imeingia, mimi je?" Nilimwambia mlango ni ule ule, nao unaanzia kwenye kitubio. Sasa huketi benchi la nyuma, na baada ya Misa huwafundisha vijana kupatanisha nyuzi.

Ndugu zangu, mtakatifu Paulo alitufundisha kwamba viungo ni vingi na mwili ni mmoja. Mkimwona benchini mtu aliyetoka mbali, msimwulize alikotoka. Msogeleeni, mkampe kitabu cha nyimbo.