Meza Kuu ya Sendofu Kibamba na Katoni Kumi za Hombolo

Wadau wa vikao vya harusi mtakubali kwamba siku hizi bajeti ya sendofu haipiti bila kipengele cha waini. Zamani kamati ilipanga bia, soda, maji na shampeni ya kufunguliwa mbele ya watu, biashara ikaisha. Leo meza kuu lazima iwe na chupa nyekundu, tena isiwe chupa ya kawaida. Kuna wageni wanasoma lebo kabla hata hawajaangalia gauni la bibi harusi.

Basi huko Kibamba kuna dada mmoja ambaye sendofu yake nusura ivunjikie kwenye kipengele hicho hicho.

Dada kazaliwa na kukulia Kibamba, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Mchumba wake anafanya kazi Dar lakini kwao ni Hombolo, Dodoma, na baba yake ni mkulima wa zabibu. Mzee aliposikia habari za sendofu alipiga simu mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati. Akasema kwa heshima zote kwamba hela taslimu hana nyingi, ila mvinyo wa siku hiyo aachiwe yeye. Katoni kumi, mwekundu, usiotiwa sukari.

Mwenyekiti akapeleka habari kwenye grupu la WhatsApp. Shangazi wa bibi harusi akajibu kwa sauti: "Jamani, watu tumechangishana mamilioni, halafu tuweke dompo meza kuu? Tutachekwa!"

Sauti hiyo haikukaa kwenye grupu. Jioni ilikuwa imeshafika kwenye simu ya bwana harusi. Hakugomba. Alimwandikia mchumba wake mstari mmoja tu: "Ada yangu, kuanzia sekondari mpaka chuo, ililipwa na hiyo dompo." Kisha akazima simu siku mbili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, kadi zimeshagawiwa.

Kikao cha familia mbili kikaitwa Jumamosi. Mabasi ya Dodoma yanapita Kibamba kabla ya kufika stendi ya Magufuli pale Mbezi, kwa hiyo mzee alishukia hapo hapo barabarani, katoni moja mkononi. Ndani alimkuta mjomba wa bibi harusi, mtu wa mjini, naye kaja na sampuli yake: Malbec kutoka Mendoza, Argentina, chini ya milima ya Andes.

Mjomba akaanza kuinadi. "Hii si mchezo, mzazi mwenzangu. Imeandikwa hapa, mizabibu yake iko mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana bei yake imechangamka."

Mzee akauliza taratibu, "Na hizo mita zinaisaidia nini zabibu?"

Mjomba akageuza chupa huku na huku. Lebo haikusema.

"Nauliza kwa sababu na sisi tuko huko huko juu," mzee akasema. "Dodoma mjini ni mita 1,100 na ushee."

Kikao kikanyamaza. Watu wanapanda basi kwenda Dodoma miaka yote na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba anapanda mlima.

Maana ya urefu huo ni rahisi. Sehemu za juu, mchana jua linawaka kweli kweli na usiku baridi inashuka. Jua linaivisha zabibu na kuijaza sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi mvinyo unapochachuka. Baridi ya usiku inaizuia zabibu isipoteze uchachu wake wote. Jua hilo kali pia hulifanya ganda liwe nene, na rangi nzito pamoja na ule ukakasi unaobana ulimi, kama wa ndizi isiyoiva vizuri, vinatoka kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo wa namna hiyo huitwa mzito: unajaa mdomoni na hauondoki haraka.

Dodoma ina jambo jingine ambalo Mendoza haina. Wenzetu wana majira ya baridi, mzabibu unalala na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hauna usingizi huo. Mkulima anaupogoa, unachipua upya, anavuna mara mbili: mara moja kwenye miezi ya mvua, mara nyingine karibu na Agosti na Septemba, wakati wa ukavu. Wakulima wengi wanaupenda zaidi msimu huo wa ukavu, kwa sababu mvua haiozeshi vichala wala kuzimua utamu.

Na si kilimo cha jana. Kinachosimuliwa Dodoma ni kwamba mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, pale Bihawana, mwaka 1957. Leo inalimwa Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na kwingineko, na ipo hata mbegu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu.

Tatizo la mkulima linaanza pale zabibu inapoiva. Mahindi unaweza kuyaweka stoo ukasubiri bei. Zabibu haisubiri. Mnunuzi akichelewa, nyuki na ndege wanawahi, vichala vinasinyaa, na anayekuja mwisho anataja bei anayotaka. Ndiyo maana wengine hukamua wenyewe wakauza mchuzi, yaani mvinyo ambao haujamaliziwa. Mzee wa Hombolo aliwahi kuangalia msimu mzima ukiozea shambani mwaka ambao kijana wake alikuwa kidato cha tatu. Aliuza ng'ombe wawili, ada ikalipwa, mizabibu hakuing'oa. Hayo hakuyasema kwenye kikao. Aliyasema kijana wake baadaye, kwa bibi harusi peke yake.

Ndipo dada, aliyekuwa akipita na sinia za chakula bila kusema neno siku ile, akamfuata shangazi yake jikoni jioni moja. "Shangazi, mimi naenda kuwa mke kwenye nyumba iliyojengwa na zabibu hizo. Nikizionea aibu kabla sijafika, nitaingia kwa sura gani?"

Shangazi hakujibu. Kesho yake akaandika kwenye grupu, safari hii kwa maandishi: meza kuu iwe ya Hombolo.

Siku ya sendofu MC aliinua chupa akasema hii haitalia kama shampeni, itaongea mdomoni. Mzee alisimama kugonganisha glasi, suti imemzidi mabega, akashindwa kusema alichopanga kusema. Alibaki kushika mkono wa mkwewe.

Tusidanganyane, siyo kila mtu aliupenda. Shangazi alikunja uso akaomba Sprite achanganye. Aliyezoea dompo tamu ataona huu mkavu unamgombeza. Lakini ulipokuja mbuzi wa kuchoma, yale mafuta yalikutana na ule ukakasi, mambo yakawa mengine, na mjomba wa Malbec alionekana meza ya pili akijaza glasi yake bila kusoma lebo. Somo dogo kwa wanaopanga shughuli zao: joto la Dar si rafiki wa mvinyo mwekundu. Weka chupa kwenye friji kama nusu saa kabla ya kumimina, barafu achana nayo, na nyama iwe jirani.

Mvinyo wa nje hauna kosa, na anayeupenda anywe. Kinachouma ni kuikuza chupa kwa sababu imetoka mbali, kisha kuibeza nyingine yenye jua lile lile na mita zile zile kwa sababu mwenye shamba tunamfahamu na anashuka kwenye basi na katoni yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenye kamati yenu, mkwe akileta chupa ya shambani kwake, inakaa meza kuu au inapelekwa meza za nyuma?