Fimbo Hunyamazisha, Haifundishi

Mimi ni mwalimu mstaafu. Katika miaka mingi niliyosimama mbele ya ubao nilikosa mara nyingi, lakini kosa moja napenda kulieleza hapa, ili walimu vijana wapate faida katika hasara yangu.

Wasomaji watakumbuka kwamba mnamo Januari 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto wakaja shuleni kama maji ya mto uliofurika. Darasa langu la tatu, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa na watoto arobaini na wawili, likawa na tisini na sita. Watoto wanne walibanana katika dawati moja, na kitabu kimoja kilisomwa na watano. Viboko vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku tangu mwaka 2001. Lakini nakiri kwa haya kwamba fimbo yangu ilikuwa bado imo kabatini, maana sikujua njia nyingine ya kutuliza umati ule.

Alikuwako mvulana mmoja aliyeketi nyuma kabisa. Kila asubuhi alichelewa, na ifikapo saa nne alisinzia. Nilimchapa siku ya kwanza, nikamchapa na ya pili. Darasa zima likanyamaza kimya, nami nikajisifu moyoni kwamba watoto wangu wana adabu. Baada ya majuma machache mvulana yule hakuonekana tena.

Jumamosi moja nilikwenda kwao, nikamkuta nyanya yake.

"Mwalimu," akaniambia mama yule, "mtoto huyu hukamua ng'ombe wawili na kupeleka maziwa barabarani kabla ya kuja kwako. Shule aliipenda sana. Sasa asema ni afadhali akae na ng'ombe, kwa kuwa wao wamjua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Jina la mtoto lilikuwamo katika daftari langu, lakini mimi nilizoea kumwita "wewe wa nyuma". Nikamwomba radhi mbele ya nyanya yake, naye Jumatatu akarudi.

Tangu hapo niliwagawa watoto katika vikundi kumi na viwili, kila kimoja watoto wanane, na kiongozi wa kikundi akabadilishwa kila juma. Mmoja alifuta ubao, mwingine aligawa vitabu, na aliyejua kusoma alimsaidia asiyejua. Madaftari ya vikundi viwili niliyasahihisha kwa makini kila siku, nikimwita kila mtoto kwa jina lake na kumwonyesha alipofanya vema kabla ya kumwonyesha alipokosa. Yule mvulana nilimtaka awaeleze wenzake jinsi ya kupima maziwa na kuhesabu fedha zake, na katika hesabu hizo hakuna aliyemshinda. Kelele hazikuisha, lakini zikawa kelele za kazi. Wala yeye hakuacha kuchelewa mara moja. Ila nyanya yake alipoona bidii yake, alimwomba jirani amsaidie kupeleka maziwa, na usingizi ukapungua.

Mvulana huyo alimaliza darasa la nane mwaka 2008. Leo ana ng'ombe wake mwenyewe, na hesabu ya maziwa huiandika kwa mkono wake.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kabisa kumpiga mwanafunzi, na hata hivyo wako wazazi wanaomwambia mwalimu, "Mchape tu, ni wako." Ndugu zangu, mkulima hauchapi mche wa kahawa ili uzae, huupalilia, huupogoa, na kwanza kabisa huuendea kuutazama. Mzazi na aulize mtoto amejifunza nini leo, na mwalimu na aulize mtoto ametoka wapi asubuhi hii. Mimi nilichelewa kuuliza, nikakaribia kumpoteza mtoto wa watu.