Kutoka Mkono wa Pole hadi Nyumba za Waret

Nchini Tanzania, mtu ambaye nyumba yake imebomolewa kupisha barabara hudai fidia. Ambaye nyumba yake imesombwa na mafuriko hupewa mkono wa pole. Fidia ina sheria nyuma yake: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Mkono wa pole hauna kiwango wala muda. Hata tembo akila shamba, kanuni za mwaka 2011 zinataja kifuta jasho, na akiua mtu, kifuta machozi. Kwa mto uliofurika hakuna kanuni ya namna hiyo.

Mto Rufiji ulipofurika mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vilivyojengwa juu, kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Huko juu maji hayakuwafikia tena, lakini udongo wa mpunga, ulioletwa na mafuriko yenyewe, ulibaki bondeni. Basi wakulima waliendelea kushuka, wakilala kwenye madungu yao msimu mzima. Walipewa makazi, ila aliyepoteza shamba hakurudishiwa shamba.

Sheria ya kwanza ya maafa, ya mwaka 1990, ilihusu kuratibu misaada, na miaka 20 baadaye Serikali ilikuwa bado inafikiri hivyo hivyo. Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Zaidi ya watu 40 walikufa. Waliokuwa Jangwani, Kigogo na Hananasif wanakumbuka familia zilizokaa juu ya mapaa zikisubiri kuokolewa, na magodoro yakielea na kwenda zake na Mto Msimbazi. Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, ikawapa mahema na viwanja. Kiwanja ni kitu kikubwa, lakini mama lishe wa Kariakoo hawezi kukila. Baadhi waliuza na kurudi bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni zikapigwa alama ya X, na tingatinga likafuata.

Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais Magufuli alisema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Michango ingekarabati shule, hospitali na miundombinu.

Miaka saba baadaye mambo yalikuwa mengine. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80. Safari hii Serikali iligharamia mazishi na matibabu, kisha ikawajengea waathirika nyumba katika eneo la Waret kwa kushirikiana na Msalaba Mwekundu na wadau wengine. Zaidi ya nyumba 100 zilikamilika, na familia zikakabidhiwa funguo. Huko Msimbazi nako, kupitia mradi wa kuendeleza bonde uliokopewa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, wakazi walianza kufanyiwa tathmini na kulipwa kabla ya kuhama. Ni watu wa bonde lile lile lililopigwa X.

Hatua hizi ni njema na zinastahili shukrani. Hata hivyo, wa Waret walipata nyumba kwa sababu viongozi wa wakati ule waliamua hivyo. Wa Kagera hawakupata kwa sababu waliokuwapo waliamua vingine. Msaada haupaswi kutegemea msiba umetokea mwaka gani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo, na inatambua mfuko wa maafa. Kilichobaki ni kuandika katika kanuni zake nyumba iliyosombwa italipwa kiasi gani, ndani ya siku ngapi, na mpangaji naye atapata nini. Wabunge na walioko Ofisi ya Waziri Mkuu wayaandike hayo kabla ya masika mengine.